Matoleo Matano ya "Marion Hana Haraka"

Leeds, 11 Januari 1999

Bwana Clifford Blanchard,

Usishtuke kupata barua ya mtu usiyemjua. Naitwa Hilary Cubitt, mkutubi, na Jumapili zangu zote nimezimalizia kwenye santuri za watu. Kampuni yenu imenipa kazi ya kuandaa sanduku la kuadhimisha miaka ishirini tangu wimbo wenu, "Marion Hana Haraka", ulipofika nafasi ya nne nchini. Humo mtakuwa na matoleo yote matano pamoja na kijitabu, na wajibu wangu ni kueleza kila toleo lilitoka lini na nani walipiga.

Mpaka sasa ninayo haya. Machi 1977, toleo la kwanza, mlilotengeneza wenyewe huko Grimsby, nakala elfu moja. Agosti 1979, toleo la London, lile lililovuma. Mwaka 1980 la Ujerumani, lenye picha ya ngamia ambaye hakuna aliyeweza kunieleza alifikaje pale. Mwaka 1986, baada ya lile tangazo la biskuti. Na 1992, la CD. Manne ya mwisho yametoka kwenye mkanda mmoja, ule wa 1979.

Nina maswali mawili tu. La kwanza: kwenye santuri ya 1979, pale patupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo, ambapo mafundi huwa na desturi ya kukwaruza neno kwa ncha ya chuma, pamekwaruzwa SAMAHANI NEV. Neville ni mdogo wako na ndiye mpiga ngoma wa bendi. Samahani ya nini? Mashabiki wamegombana kwa hilo miaka ishirini.

La pili ni la kitaalamu kidogo. Ule mpigo maarufu wa ngoma wa kushuka, kabla ya kiitikio cha mwisho, kwenye toleo la 1977 unatembea upande mmoja wa masikio, na kwenye la 1979 unatembea upande wa pili. Nimesikiliza mpaka mume wangu amehamia chumba kingine. Ni mashine, au kuna jambo?

Wako mwaminifu,
Hilary Cubitt

*

Cleethorpes, 20 Januari 1999

Nev, mdogo wangu, tarishi mkuu wa Shetland nzima,

Salamu hizi zikukute ukiwa mkavu, ingawa kwa kisiwa chenu hicho najua naomba muujiza. Mimi nipo. Goti linalia, sauti haijanikimbia. Jumamosi nitaimba kwenye klabu ya wastaafu hapa Cleethorpes, na "Marion" nitaiimba mara mbili, maana wa safu ya mbele ile ya kwanza huwa hawaisikii.

Sikia, kuna mwanamke wa Leeds anachimbua mambo ya bendi. Anaandaa sanduku la miaka ishirini, anauliza hili, anauliza lile, nani alikohoa wapi mwaka gani. Akikuandikia, mwambie umesahau. Mtu wa namna hiyo ukimpa shubiri anachukua pima. Nimeshamjibu kwamba wakati ule tulikuwa tunakunywa sana, jambo ambalo si uongo.

Mkono wako unaendeleaje? Mabegi yale ya barua hayakuumizi? Msalimie Maureen, na umwambie Joanne kwamba baba yake mkubwa anajua kuwa Aberdeen kuna simu.

Kaka yako,
Cliff

*

Lerwick, 2 Februari 1999

Kaka,

Barua yako nimejiletea mwenyewe. Ilikuwa ya mwisho kwenye mfuko, basi nikajigongea mlango, nikajifungulia, nikajishukuru. Maureen anasema wazimu umenianza mapema. Bado nina masizi ya mienge puani tangu tulipochoma ile mashua ya sherehe yetu ya kila Januari, Jumanne iliyopita, na zile ndevu za Kiviking za kubandika zimeniwasha wiki nzima, kwa hiyo kama mwandiko ni mbaya usinilaumu.

Sasa, we mzee, umechelewa kama kawaida yako. Bi Cubitt ameshaniandikia, nami nimeshamjibu. Mama wa watu ana adabu, wewe unamwogopea nini? Nimemfumbulia lile fumbo la SAMAHANI NEV. Nimemweleza kwamba ulikuwa uwe baba wa ubatizo wa Joanne, tukakungoja pale kanisani Grimsby hadi kasisi akaanza kuichungulia saa yake, na wewe ukawa umeganda London na mafundi wako. Mama alikasirika mpaka akakataa keki. Halafu Agosti santuri ikatoka, nikaigeuzageuza kwenye mwanga kama mtoto, nikaliona jina langu limekwaruzwa pale. Cliff, sikuwahi kukuambia, lakini nilikaa kitandani nikalia. Nikakusamehe palepale. Ndugu gani mwingine amemwomba nduguye radhi mara laki tatu, tena akaziuza madukani?

Ameniomba pia niandike ukurasa mmoja wa kijitabu kuhusu ule mpigo. Nimekubali. Nitaandika ukweli: kwamba kati ya mara thelathini na moja nilizorekodi ule wimbo kwa siku mbili, mara moja nilishukiwa na kitu, na kitu hicho hakikurudi tena. Unakumbuka kule kwenye televisheni, tulipokuwa tunajifanya tunapiga huku santuri ndiyo inayolia? Sauti ikaenda huku, mikono yangu ikaenda kule. Mlicheka nyote. "Jamani, Nev hata kujiiga mwenyewe hawezi!" Nami nikacheka. Ikawa hivyo kila jukwaa, miaka miwili. Nilifanya mazoezi hadi ngozi ikatoka vidoleni. Daktari wa Newcastle alinikunja viganja huku na huku, hakuona ugonjwa. Basi nikajua kipaji kimeondoka chenyewe, kama kilivyokuja. Nikaviweka vijiti chini kabla hamjalazimika kunifukuza.

Sijutii. Najuta kidogo. Haya, najuta sana, nimesema. Lakini Jumamosi nikiingia baa, wale wazee wa mashua bado wanagonga meza ule mpigo kunisalimu, wananiuliza, "We Nev, hivi kweli ni wewe?" Nami nawaambia, ndiyo, ni mimi, mwaka sabini na tisa. Si haba kwa tarishi.

Mdogo wako,
Nev

*

Leeds, 19 Februari 1999

Bwana Blanchard,

Hukujibu maswali yangu, ulinijibu kwa mzaha. Sikuchukia. Lakini mambo yamefika mahali ambapo mzaha hautoshi.

Wiki iliyopita kampuni iliniruhusu kufungua maboksi ya mikanda. Juu ya boksi la "Marion" pana karatasi ya studio, imeandikwa kwa penseli: Ijumaa 15 Juni 1979, ngoma, L. Tull, kuanzia saa tano asubuhi, dakika arobaini, shoto, geuza seti. Nimemtafuta Bwana Leonard Tull. Ana miaka sabini na mmoja, yuko Croydon, anafuga njiwa. Aliniambia bila kinyongo kwamba ndiyo, ni yeye, na kwamba wapigaji wa kukodiwa enzi zile walikuwa hawaandikwi majina na walikuwa hawaulizi. Aliambiwa tu kwamba kijana wa bendi amekwenda nyumbani, mkewe anajifungua.

Sasa naelewa kwa nini mpigo unatembea upande wa pili. Bwana Tull anatumia mkono wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia, kwa seti iliyopangwa kawaida, hawezi kuupiga hivyo hata akifanya mazoezi maisha yake yote.

Jana ukurasa wa mdogo wako ulifika. Nimeusoma mara tatu. Nilikwenda kuchemsha maji ya chai nikayasahau jikoni. Bwana Blanchard, yeye hajui. Anaamini kabisa kwamba ni yeye.

Siwezi kuchapa uongo. Kazi yangu yote ni kuandika nani alifanya nini na lini, na Bwana Tull naye ni mtu mwenye jina. Lakini si mimi ninayepaswa kumwambia mdogo wako. Kijitabu kinakwenda kwa wachapaji tarehe thelathini Aprili. Tafadhali.

Hilary Cubitt

*

Cleethorpes, 7 Machi 1999

Nev,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne zimeishia kwenye moto. Hii nitaituma kama ilivyo, na makosa yake.

Si wewe uliyepiga kwenye "Marion" ya mwaka sabini na tisa.

Ulirekodi Jumanne na Jumatano, ni kweli, mara zote thelathini na moja. Alhamisi ikaja simu kwamba Maureen ameshikwa na uchungu, ukakimbilia treni umevaa viatu vyangu kwa haraka. Ijumaa asubuhi yule mtayarishaji, Firth, akasema mkono wako mzito, akaniletea mzee mmoja aliyekodiwa, Leonard Tull. Alivua koti, akageuza seti yako nzima kwa sababu ni shoto, akapiga mara mbili, akavaa koti. Sote tulisikia kwamba wimbo umezaliwa. Firth akaniuliza, "Mdogo wako utamwambia wewe?" Nikasema nitamwambia.

Nilikuwa nikuambie ukirudi. Ulirudi na picha ya Joanne mfukoni, unamwonyesha kila mtu, hata mlinzi wa mlangoni. Nikasema, si leo. Siku ya ubatizo sikuwa na kazi yoyote London. Nilikaa stesheni ya Peterborough saa tatu nzima, nikaona siwezi kusimama mbele ya kasisi nikaahidi kumlinda mtoto wako huku nimekuficha hivyo. Nikageuza. Walipokwenda kukata santuri fundi akauliza kama tunataka aandike neno, wengi huandika upuuzi. Nikamwambia aandike SAMAHANI NEV. Nilidhani utaniuliza. Nilitaka uniulize, Nev, ili nisianze mimi. Hukuuliza. Ukanikumbatia tu, nikadhani labda umejua na umeniachia. Nilijidanganya hivyo kama wiki moja. Baadaye nilijua vizuri kwamba hujui.

Kibaya zaidi si hicho. Nilikuwa nasimama mbele yako kila jukwaa, na nyuma yangu nakusikia unautafuta ule mpigo na kuukosa. Miaka miwili. Nilijua kwa nini unaukosa. Ulipofunga kitambaa mkononi nilijua. Ulipokwenda kwa daktari nilikusindikiza, Nev, nikakaa pale kwenye benchi nikisoma gazeti. Ulipoweka vijiti chini Newcastle nikakuambia, "Pumzika tu, mdogo wangu." Neno moja lingekuzuia. Wimbo ulikuwa bado unauzika Ujerumani na niliogopa magazeti, niliogopa Mama, nilikuogopa wewe. Ukishaogopa mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa rahisi.

Wazee wetu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na mkutubi wa Leeds. Anachapa kijitabu mwisho wa Aprili na jina la Tull litakuwamo. Nimeona usilisome humo kwanza.

Nitukane. Nipigie simu unitukane.

Cliff

*

Cleethorpes, 18 Aprili 1999

Nev,

Wiki sita. Mtu mwingine ningesema barua imepotea, lakini wewe ndiye posta.

Nimepiga simu mara saba. Maureen anapokea, ananijibu kwa heshima kama mtu wa benki, anasema hupo. Mara ya mwisho nilikusikia ukikohoa.

Bi Cubitt anauliza afanye nini na ukurasa wako. Nimemwambia hilo ni juu yako. Jumamosi klabuni nilifika kwenye kile kiitikio cha mwisho, sauti ikakataa. Wale wazee wakadhani ni huzuni ya mapenzi, wakanipigia makofi.

Hata kadi ya posta, Nev. Isiyo na neno.

Cliff

*

Lerwick, 9 Mei 1999

Clifford,

Barua yako ya Machi ilinifika Jumatano ya wiki ileile. Niliisoma barabarani, mvua ikanyesha juu yake, nikaisoma tena. Nilimaliza kugawa barua za watu kwanza. Hawakuwa na kosa.

Nyumbani niliichukua santuri, ile ya Agosti, nikaisikiliza kwa mara ya kwanza bila kuwa na shaka na mimi mwenyewe. Ni wazi kama mchana. Huyo mtu ana mkono mwepesi, anachelewa kidogo tu, mimi siku zote nilikuwa nawahi. Ningeulizwa kuhusu bendi nyingine yoyote ningekuambia kwa mistari miwili kwamba si mpigaji yuleyule. Lakini uliniambia ni mimi, na wewe ni kaka yangu, basi nikasikia nilichoambiwa. Ni mzuri kuliko mimi. Nalitoa hilo mapema ili usije ukanipoza kwa kuniambia sikuwa mbaya.

Bi Cubitt nilimwandikia mwenyewe, kabla kijitabu hakijakwenda kwa wachapaji. Nimemwambia auchane ukurasa wangu, amwandike Bwana Tull kwenye matoleo yote manne, kwa jina lake lote. Kwenye la 1977 aniandike mimi. Amesema amefanya hivyo, na ameniuliza kama niko sawa. Watu wengine wanajua la kuuliza.

Baani nimewaambia. Nilidhani watanicheka. Mzee Magnie Isbister akasema, "Kumbe bora, maana tulikuwa tunakuonea huruma kwa kupotelewa." Kisha wakaniagizia bia, na hakuna aliyegonga meza. Ukimya ule, Cliff, nisingemtakia adui.

Kisha nikaomba funguo za ukumbi wa shule. Wana seti ya ngoma mle, ya watoto, ngozi moja imepasuka. Nikakaa. Miaka kumi na minane sijakaa nyuma ya ngoma. Nikapiga "Marion" ya kwanza, ya kwetu, kama tulivyokuwa tunaipiga chumba cha nyuma kwa Mama. Nikafika kwenye ule mpigo wa kushuka, wangu, si wa mtu mwingine. Mikono ikaenda yenyewe. Ilikuwa na kutu, lakini haikukosea popote. Nikarudia mara ngapi sijui. Mlinzi akaja kuniuliza kama kuna mtu ameumia.

Mikono yangu haina kasoro. Haikuwahi kuwa nayo. Nilifunga kitambaa mkono usio na ugonjwa.

Ule msamaha wa ubatizo sikunyang'anyi, ni wako, nilikupa tangu zamani. Kwamba mliweka mtu mahali pangu, naweza kulisamehe pia. Ilikuwa biashara, ulikuwa na miaka ishirini na sita, ungeniambia ningekuvunja pua, na kufikia Krismasi tungekuwa tunalicheka. Ningeendelea kupiga. Labda si kwa bendi kubwa, lakini ningepiga. Ile benchi ya kwa daktari ndiyo nashindwa kuipita. Kila nikijaribu, nakuona umekunja nne, na gazeti lako.

Na kuna jingine ambalo hulijui. Mwaka themanini na tisa Joanne alikuwa na miaka kumi. Akaniomba nimfundishe ngoma. Alikuwa anagonga kila kitu humu ndani, masufuria, ngazi, mgongo wa mama yake, na alikuwa nacho, Cliff, nilikisikia, alikuwa nacho kuliko mimi. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba kwetu kipaji hakikai, kitamwacha kama kilivyoniacha, na kuachwa kunauma kuliko kutoanza. Alilia siku mbili. Kisha akaacha kugonga vitu. Nyumba ikatulia, nami nikajiona baba mwenye busara.

Juzi nimempigia simu Aberdeen. Nikamweleza yote, nikamwambia nilikosea, halikuwa kweli, hakuna kitu kilichoniacha. Nyuma yake nilisikia wenzake wa chuo cha uuguzi wanafunguafungua makabati. Halafu akaniuliza, bila ukali, anauliza tu: "Kwa hiyo, Baba, ningeweza?"

Wewe ulikuwa uwe baba yake wa ubatizo, mwandikie umjibu. Anwani yake ipo nyuma ya karatasi hii. Mimi usiniandikie kwanza.

Neville